Kidonda cha mguu wa kisukari: PRP, PRF, plasta ya damu au kudresi kawaida, uchague ipi?

Watoto walioko Dar ndo wanauliza sana. Mama yuko Tukuyu au Mafinga, ana kisukari, kidonda cha unyayo kinadresiwa wiki baada ya wiki na hakifungi, afu mtu kwenye grupu la familia anarusha klipu ya daktari anachukua damu ya mgonjwa, anaizungusha kwenye mashine, anaiweka kwenye kidonda, na mwisho wa klipu kidonda kimefunga kabisa. Hapo swali linakuja, tuchange hela mama akafanyiwe hiyo? Mi ni muuguzi, nadresi vidonda huku nyanda za juu kusini, na jibu langu huwa linakuwa refu kwa sababu hiyo tiba ya damu sio kitu kimoja. Kuna PRP, kuna PRF, kuna plasta inaitwa LeucoPatch, kuna donge la damu nzima, na pembeni kuna kudresi kwa kawaida ambako watu wanakudharau wakati wengi hawajawahi kukupata kwa ukamilifu hata mara moja. Nazilinganisha hapa, na nasema kabisa mama yangu angekuwa na kidonda ningemchagulia ipi.

Kwanza kwa nini kidonda chenyewe hakifungi

Ukiruka hapa utanunua tiba isiyohusiana na tatizo. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu mishipa ya fahamu, mguu unakufa ganzi, mtu anaingia shambani na kandambili anachomwa na kitu hajui mpaka jioni anaona damu kwenye ndala. Huku kwetu baridi nayo inaongeza lake, mwezi wa sita na wa saba kule Makete, Njombe na Mufindi mzee anasogeza miguu karibu na jiko la mkaa aote moto, ngozi inaungua na yeye hasikii kitu, asubuhi anakuta malengelenge. Panya nao, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu watu wanaona aibu kulisema hospitali, wanatafuna vidole usiku mtu amelala na ganzi yake, na lipo kwenye majarida ya kitabibu kutoka hapahapa Tanzania tangu 2005.

Jambo la pili ni mishipa ya damu inayoziba, damu haifiki mguuni vya kutosha, na kidonda kisichofikiwa na damu hakina cha kujijengea. La tatu ni maambukizi, sukari ikiwa juu mwili unapigana na bakteria vibaya, na wakiingia mpaka kwenye mfupa kidonda kinaweza kuonekana kama kinaelekea kufunga juu huku chini kunaoza.

Afu kuna hili la nne ambalo ndo linawashinda wengi, kidonda kinakanyagwa. Mtu mwenye kidonda kinachouma anachechemea, mguu unapumzika wenyewe bila kuambiwa, lakini wa kisukari mwenye ganzi anatembea kama kawaida na kila hatua inasaga ile nyama changa iliyoota jana yake. Namuuliza mgonjwa, "Mama, umekuja na bajaji leo?" Anajibu, "Nimetembea sista, si hapo tu Ilomba." Bandeji nyeupe safi kabisa, imefungwa vizuri, na chini yake kidonda kimetembezwa kwenda na kitatembezwa kurudi. Hapo uweke damu ya namna yoyote, itasagwa hivohivo.

Kudresi kwa kawaida, kukifanyika kweli

Watu wakisikia kudresi wanafikiria gozi na maji ya chumvi. Kudresi kwenyewe ni kifurushi. Kidonda kinasafishwa, sugu ya pembeni na nyama iliyokufa vinakatwa, na sio mara moja, vinakatwa kila vikirudi. Mapigo ya mguu yanashikwa sehemu mbili, juu ya unyayo na nyuma ya kifundo kwa ndani, na yakiwa hayasikiki vizuri mgonjwa apimwe presha ya mguu ilinganishwe na ya mkono, japo kwa mwenye kisukari kipimo hiki kinaweza kudanganya kwa sababu mishipa inakuwa imekakamaa, inaonyesha namba nzuri wakati damu haipiti. Kidonda kirefu kinachunguzwa kama kimefika mfupani, mguu unapigwa picha ya eksirei. Antibiotiki zinatolewa kama kuna maambukizi, na kama hayapo hazitolewi. Sukari inashushwa. Na mguu unaondolewa uzito.

Huko kuondoa uzito ndo uti wa mgongo wa kifurushi chote. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari, ule wa IWGDF, kwa kidonda cha chini ya unyayo kwa mtu mwenye ganzi unaweka mbele kifaa kinachofika chini ya goti ambacho mgonjwa hawezi kukivua, iwe POP, yani plasta ngumu ya jasi, inayoushika mguu kote mpaka chini ya goti, au buti la kutembelea lililofungwa lisitoke. Kwa nini asiweze kukivua? Kwa sababu akiweza atavua, sio ukaidi, ni kwamba hasikii maumivu ya kumkumbusha. POP hiyo inataka mtu aliyefundishwa, ikiwekwa vibaya inatengeneza kidonda kingine, na mguu wenye maambukizi makali au usio na damu haufungwi hivo. Pasipokuwa na POP basi magongo, kitanda, sponji ya kuzunguka kidonda, kiatu chenye soli iliyochongwa, chochote kinachofanya kidonda kisiguse chini.

Na haya yanawezekana kwenye nchi yetu. Kuanzia 2004 Tanzania ilikuwa kwenye mradi wa Step by Step, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam akiwa mmoja wa walioubeba, madaktari na wauguzi kutoka mikoani wakafundishwa kwa pamoja kuangalia miguu, kusafisha vidonda na kuelimisha wagonjwa. Mradi ule ulijengwa juu ya wembe wa upasuaji, uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, na watu wanaojua wanachofanya.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha chochote jiulize kama mama amepata kifurushi au amepata gozi tu. Nyumbani pia kuna vya kuacha, ile ya kufungua kapsuli za antibiotiki na kunyunyizia unga juu ya kidonda iacheni, inatengeneza ukoko unaoficha usaha na inafundisha bakteria usugu. Asali nayo watu wa Tabora na hata huku kwetu tunaipenda, ila mwongozo huohuo wa IWGDF haushauri kuipaka kwenye hivi vidonda. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, maji ya betri, jamani hapana.

Sasa tuje kwenye damu

Wazo ni moja kwa zote. Damu ina pletileti, zile chembe sahani zinazogandisha damu ukijikata, na ndani yake zimebeba vichocheo vinavyoita chembe nyingine zije kujenga, mishipa midogo ichipue na ngozi itambae. Kidonda cha muda mrefu kimekwama, hakina hiyo kelele ya mwanzo ya uponaji, sasa unachukua damu ya mgonjwa mwenyewe, unakusanya zile chembe, unazirudisha mahali panapohusika. Kinachotofautisha hizi tiba ni namna unavyokusanya.

PRP, yani plasma yenye pletileti nyingi, ndo yenye jina, ndo hiyohiyo wachezaji mpira wanachomwa kwenye goti na wengine wanachomwa kichwani nywele ziote. Damu inachukuliwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande, inazungushwa mara moja au mbili, maji ya njano yenye pletileti nyingi yanatengwa, afu mara nyingi yanaongezewa kalsiamu au thrombini, vitu vya kugandisha, ili yawe kama jeli, yanawekwa kwenye kidonda au yanachomwa pembeni. Shida yake kubwa kwangu ni kwamba PRP ya hapa sio PRP ya pale. Mmoja anatoa damu mililita 10, mwingine 50, mmoja anazungusha mara moja, mwingine mara mbili, mwisho wa siku huwezi kusema umempa mgonjwa pletileti ngapi. Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, walipokusanya tafiti za vidonda sugu mwaka 2016 walipata 10 tu zenye jumla ya watu 442, na walichosema ni kwamba kwa vidonda vya mguu wa kisukari PRP huenda inasaidia, ushahidi wenyewe ukiwa dhaifu. Hata wakubwa hawakubaliani, Marekani bima yao ya wazee ya Medicare ilikubali 2021 kulipia PRP kwa vidonda sugu vya kisukari mpaka wiki 20 kwa vifaa vilivyoidhinishwa, afu IWGDF mwaka 2023 wakashauri isitumike kama nyongeza ya kawaida. Mi katika hao wawili nasimama na IWGDF, kwa sababu bima ya Marekani inalipia mgonjwa ambaye kiatu, POP na kipimo cha mishipa tayari viko kwenye foleni yake, wa kwetu atavikosa hivo ili apate PRP.

PRF ilikuja 2001 kutoka Ufaransa kwa Joseph Choukroun, mwanzoni kwa upasuaji wa kinywa. Hii haiwekewi kitu chochote. Damu inavutwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, inakimbizwa kwenye mashine palepale, inapozunguka inaganda yenyewe na katikati ya chupa linajitenga donge la njano la fibrini, zile nyuzi za damu iliyoganda, likiwa limeshika pletileti na chembe nyeupe. Linatolewa, linakandamizwa kidogo linakuwa kama kipande cha ngozi laini, linawekwa kwenye kidonda. Faida ni kwamba hakuna kalsiamu wala thrombini ya kununua, na ile fibrini inaachia vichocheo polepole kwa siku kadhaa tofauti na PRP ambayo inavimwaga kwa haraka zaidi. Ugumu wake ni mbio. Damu ikichelewa dakika chache imeshaganda ovyo na kazi imeharibika, kwa hiyo ukisikia mahali wanachukua damu wodini afu mtu anaipeleka maabara ya upande wa pili wa hospitali akipitia kwa mhasibu, ujue hapo PRF haitoki. Na mashine lazima izunguke mpaka mwisho, umeme ukikatika katikati unaanza upya na mkono mwingine wa mgonjwa.

LeucoPatch kwa asili ni ndugu wa PRF, ila imetengenezewa kifaa chake maalum na kampuni ya Denmark. Mililita 18 za damu zinaingia kwenye kifaa, kinazunguka kama dakika 20, inatoka plasta ya duara yenye tabaka tatu, fibrini, pletileti na chembe nyeupe, inalazwa kwenye kidonda na kufunikwa, wiki ijayo nyingine. Hii ndo yenye utafiti mzuri kuliko zote humu. Ulifanyika kwenye vituo 32 vya Uingereza, Denmark na Sweden, ukachapishwa 2018, watu 269 ambao vidonda vyao vilikuwa vimeshapewa wiki nne za matunzo mazuri na bado havijapungua hata nusu. Waliopata plasta wakaendelea na matunzo, vidonda 34 kwa kila 100 vilifunga ndani ya wiki 20, waliopata matunzo peke yake 22 kwa kila 100. Madhara hayakuzidi. Soma hizo namba taratibu kabla hamjachanga hela, kwa kila watu 100 waliowekewa ni kama 12 wa ziada waliofunga, na zaidi ya 60 walikuwa bado na kidonda wiki 20 zikiisha, na hao ni wagonjwa wa Ulaya wenye klinik za miguu. Ni faida ya kweli na mi naiheshimu sana, lakini ile klipu ya kidonda kufunga kama muujiza haifanani na hizi namba. Kwa sababu ya utafiti huu IWGDF 2023 wameikubali kwa masharti, yani pale matunzo bora yameshindwa, na kituo kina uwezo na watu wa kutoa damu mara kwa mara.

Donge la damu nzima ndo geni zaidi. Damu inachanganywa na kalsiamu na unga wa kaolini kwenye sahani ndogo, baada ya kama dakika 10 limeganda donge, linawekwa kwenye kidonda na kufunikwa. Hakuna mashine ya kuzungusha wala umeme, na nikifikiria hospitali zetu za milimani hii ndo inanivutia kwa urahisi wake, ila ushahidi wake bado mchanga na vifaa vinauzwa kama seti ya kampuni, msije mkajaribu kuganda damu kwenye bakuli nyumbani.

Kuna wanaouliza pletileti za benki ya damu, kwamba kwa nini tumtoboe mama wakati Damu Salama kanda wako hapahapa Mbeya. Damu ya kuchangia inapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, kwa hiyo usalama wake sio mdogo, lakini IWGDF hawashauri pletileti za benki kwa hivi vidonda, na mi nasema damu ile ina mama anayetokwa damu leba anaisubiri.

Tukiziweka meza moja

Kwa ushahidi LeucoPatch inaongoza, PRP ina tafiti nyingi ndogondogo zisizofanana, PRF inafaidika na undugu wake na LeucoPatch ila majibu ya ule utafiti hayawezi kuhamishiwa kwake moja kwa moja, donge la damu linafuata. Na kuondoa uzito na kusafisha vinazipita zote, kwa sababu hata kwenye utafiti wa LeucoPatch kila mtu alipewa hivo kwanza.

Kwa damu inayotoka mwilini watu wanaogopa bure, mililita 18 kila wiki kwa wiki 20 ni 360, haifiki ile chupa moja ya mchangia damu ya 450. Wa kuangalia ni mwenye upungufu wa damu tayari, na wagonjwa wetu wa figo wengi wanao, huyo apimwe wingi wa damu kwanza.

Kwa gharama sasa. Familia nyingi zinauliza bei ya sindano moja, wakati kinachowamaliza ni safari. Hizi tiba zinarudiwa, mara nyingi kila wiki. Mtu wa Makete akipangiwa kuja Mbeya mjini kila wiki, yeye na msindikizaji, nauli, kula, kulala kwa ndugu Uyole, afu msindikizaji huyo ndo angekuwa anavuna viazi, hesabu hiyo ipigeni mezani kabla ya kitu kingine. Na safari yenyewe inakanyaga kidonda, kushuka stendi, kutembea kwenda maabara, kurudi dirisha la malipo, kupanda ngazi. Nimeona kidonda kilichokuwa kinapungua kikarudi nyuma kwa sababu ya mizunguko ya kutafuta tiba bora zaidi. Kama hospitali ya karibu kama Ikonda, Ilembula, Tosamaganga au Chimala ina mtu makini wa kudresi na mgonjwa anaweza kukaa na mguu juu, kwa wengi hiyo inashinda tiba ya kisasa iliyoko mbali.

Kwa bima, ulizeni kwa maandishi kabla ya kuanza, msikubali neno la mdomo la "italipa tu".

Kwa hatari. Watu wanasema damu ni yangu mwenyewe haiwezi kunidhuru. Damu yako haikudhuru ikiwa ni yako kweli. Kule Albuquerque, Marekani, spa moja ilifungwa 2018, walikuwa wanawafanyia watu PRP ya usoni, wakaguzi wakakuta chupa za damu hazina majina, vifaa vya kutumia mara moja vinarudiwa, na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wakaja kuripoti 2024 kwamba wateja waliambukizwa virusi vya ukimwi kwa njia hiyo. Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti angalia kwa macho yako, chupa imeandikwa jina lako mbele yako kabla damu haijaingia, sindano na bomba vimefunguliwa kwenye pakiti mbele yako, na damu haiondoki ikapotelea chumba kingine na kurudi bila maelezo. Anayekasirika ukiuliza, inuka uondoke. Na kliniki ya urembo sio mahali pa kidonda cha kisukari hata kama mashine ni ileile, kwa sababu pale hakuna wa kushika mapigo ya mguu wala wa kujua mfupa umeoza.

Nani asiwekewe kabisa kwa sasa

Mguu usio na damu. Vidole vyeusi, baridi, mapigo hayasikiki, huyo anahitaji daktari wa mishipa haraka na sio jeli, maana mkimpaka PRP mnapoteza wiki ambazo zingeokoa mguu. Kidonda chenye usaha, harufu, wekundu unaopanda, homa, huyo ni wa leo hospitali, kama ni usiku basi usiku huohuo. Mfupa ulioingiliwa atibiwe kwanza. Mwenye pletileti chache, mwenye damu ndogo sana, mwenye saratani kwenye eneo lile. Anayetumia aspirini au dawa za kulainisha damu amwambie daktari na asiache dawa mwenyewe, aspirini ile inaweza kuwa ndo inayolinda moyo wake.

Na kidonda kinachopungua vizuri pia hakihitaji. Hapa familia huwa hazinielewi, wanaona kitu kizuri kiongezwe tu. Pimeni na rula kila wiki, urefu na upana, andikeni kwenye daftari au pigeni picha rula ikiwa pembeni. Eneo likiwa limepungua nusu au zaidi ndani ya wiki nne za matunzo ya kweli, endeleeni hivohivo na hela iwekeni kwenye kiatu.

Mi ningechaguaje

Mama yangu angekuwa na kidonda chini ya unyayo, mguu sio wa baridi, mapigo yapo, hakuna usaha, hela yangu ya kwanza ingeenda kwenye POP au buti la kuondoa uzito na magongo, ya pili kwenye kipimo cha sukari cha miezi mitatu na picha ya mguu, ya tatu kumlipa binti wa kumsaidia kazi za nyumbani ili asipate sababu ya kusimama. Hiyo ya binti watu wanaiona kama anasa, mi naiona ni dawa, kwa sababu mama wa Kinyakyusa kumwambia akae na jikoni kuna moshi ni kumpa adhabu, atainuka tu, asipoona mtu mwingine ameshika mwiko atainuka.

Wiki nne zikipita, tumefanya hayo kweli, na rula inasema hakijapungua nusu, kwanza ningerudi nyuma kutafuta tulichokosa, mishipa, mfupa, kiatu, usiku anatembea kwenda chooni bila buti. Kama kote kuko sawa hapo ndo ningeuliza habari ya damu, na ningeuliza LeucoPatch kwanza, ikikosekana PRF kwenye hospitali ambayo mashine iko chumba kimoja na kitanda na daktari wa vidonda ndo anasimamia. PRP ningeikubali ikiwa wanaweza kunieleza wanazungusha vipi, wanarudia mara ngapi, na lini watasema imeshindwa. Jibu la hilo la mwisho linanionyesha kama naongea na tabibu au muuzaji, tabibu ana tarehe ya kusimama.

Kwa kidonda ambacho mishipa imeziba kiasi na ganzi ipo pamoja, bila maambukizi makali, kuna dresi yenye dawa ya sukrosi oktasalfeti ambayo haina uhusiano na damu, utafiti wake wa 2018 kwa watu 240 ulionyesha 48 kwa 100 walifunga wiki ya 20 dhidi ya 30 waliotumia dresi ya kawaida ya aina ileile. Naitaja kwa sababu haihitaji sindano wala mashine, muuguzi yeyote anayejua kudresi anaweza kuiweka, kwa hiyo kabla hamjang'ang'ania damu muulizeni daktari na hii.

Na bajeti yoyote mtakayopanga iacheni na kitu cha baada ya kufunga. Kama watu 40 kwa kila 100 kidonda kinarudi ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi palepale, kwa sababu ganzi haijaondoka na kiatu ni kilekile. Kiatu kipana kilichofunikwa mbele, soksi zisizobana, mkono wa mtu mwingine kuingia ndani ya kiatu kila asubuhi kutafuta kokoto, miguu kuangaliwa kila jioni na mjukuu mwenye macho mazuri, na kwenye baridi ya mwezi wa saba soksi za sufu na blanketi badala ya jiko. Mtumba wa Mwanjelwa una buti nzuri za ngozi laini, nendeni mchana na karatasi mliyochora unyayo wa mama akiwa amesimama, ikiingia ndani bila kujikunja kiatu kinamtosha.